Wanawake wa Black Panther: yaliyofichwa na koti la ngozi

Taja Black Panther, kile chama cha Wamarekani Weusi kilichopigania haki zao, mbele ya watu, wengi watakuletea picha ileile: mwanamume, koti jeusi la ngozi, bereti, bunduki mkononi. Picha ni ya kweli, ila imezaa dhana ambazo mpaka leo watu wanazirudia kwa kujiamini.

"Kilikuwa chama cha wanaume, wanawake walisindikiza tu."

Huey Newton na Bobby Seale walikianzisha Oakland, California, Oktoba 1966, na mwanzoni kweli walikuwa wanaume watupu. Mwaka uliofuata akaingia Tarika Lewis, msichana wa miaka 16, akafunzwa silaha kama wenzake na akawa anachorea gazeti la chama kwa jina la Matilaba. Kathleen Cleaver akawa katibu wa mawasiliano na mwanamke wa kwanza kuketi kwenye kamati kuu. Haikupita miaka mingi wanawake wakawa wengi kuliko wanaume, maana wanaume walikuwa wakifungwa, wakiuawa au wakikimbilia uhamishoni, na ofisi lazima ifunguliwe asubuhi.

"Sawa, lakini walikuwa wakipika tu."

Hiyo "tu" ndiyo inayonikera. Januari 1969 chama kilianza kuwapa watoto kifungua kinywa bure katika kanisa la St. Augustine, Oakland, na mmoja wa waliouandaa mpango huo alikuwa mwalimu wa dansi, Ruth Beckford. Aliyewahi kuwa kwenye kamati ya shughuli anajua sufuria haijipiki: kuna kubembeleza wenye maduka watoe mayai na mkate, kupanga zamu, kuamka kabla ya alfajiri, kuhakikisha mtoto amekula na kufika shuleni kabla ya kengele. Wanaume nao walivaa aproni. Na J. Edgar Hoover, mkuu wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, hakuuona mpango huo kuwa jambo dogo la jikoni. Aliwaandikia maofisa wake kwamba ni tishio kubwa kwa juhudi za kukivunja chama.

Tena wengine hawakuwa jikoni kabisa. Afeni Shakur, ambaye wengi humjua kama mama yake Tupac na basi, alishtakiwa New York mwaka 1969 pamoja na wenzake 20 kwa kula njama za kulipua majengo. Hakuwa mwanasheria, lakini alijitetea mwenyewe, mjamzito. Alimhoji kachero aliyekuwa amejipenyeza chamani: umewahi kuniona nikiua mtu, au nikilipua kitu? Kachero akakiri hajawahi. Mei 1971 washtakiwa 13 waliobaki kwenye kesi hiyo wakaachiwa kwa mashtaka yote. Tupac alizaliwa mwezi uliofuata.

"Angela Davis alikuwa kiongozi wao."

Hapana. Alifanya kazi nao kwa muda Los Angeles, lakini chama chake kilikuwa cha Kikomunisti. Nadhani zile nywele zake za afro ndizo zinazowachanganya watu.

"Mwanamke aliposhika uenyekiti, usawa ulikuwa umepatikana."

Dhana hii ni ya wapenzi wa chama, nayo ni potofu vilevile. Elaine Brown alikiongoza kuanzia 1974, Newton alipokimbilia Cuba. Aliwapa wanawake vyeo, wanaume wakanung'unika. Chini yake chama kilimpigia kampeni Lionel Wilson, aliyechaguliwa kuwa meya wa kwanza Mweusi wa Oakland mwaka 1977. Mwaka huohuo Newton akarudi. Brown mwenyewe amesimulia kwamba mwanamke mmoja aliyekuwa msimamizi katika shule ya chama alimkaripia mwanamume aliyezembea kazi, akapigwa mpaka akavunjwa taya, na Newton aliridhia. Brown akaondoka. Shule hiyo, iliyoongozwa na Ericka Huggins tangu 1973 mpaka 1981, ndiyo iliyodumu karibu mpaka mwisho. Ilipofungwa 1982, chama nacho kikafa.

"Yote yaliishia Marekani."

Waulize watu wa Imbaseni, nje kidogo ya Arusha. Charlotte O'Neal, aliyekuwa mwanachama Kansas City, alifika Tanzania na mumewe Pete mwaka 1972 wakipitia Algeria. Mwaka 1991 walianzisha kituo ambapo vijana wa kijijini husoma Kiingereza, kompyuta na sanaa bila ada. Majirani humwita Mama C.