ARPANET haukujengwa kwa hofu ya bomu la nyuklia

Kwa miaka mingi imesimuliwa kwamba ARPANET, mtandao wa Marekani uliotangulia intaneti, ulijengwa ili mawasiliano ya jeshi yasikatike vita vya nyuklia vikizuka. Robert Taylor, aliyeanzisha mradi huo mwaka 1966, aliyakanusha madai hayo, na ni haki asikilizwe. Katika chumba kilichopakana na ofisi yake huko Pentagon palikuwa na terminali tatu, yaani vifaa vya kutumia kompyuta iliyo mbali, moja ya kompyuta ya Santa Monica, nyingine ya Berkeley na ya tatu ya chuo cha MIT, na kila alipotaka kuwasiliana na watafiti wa mahali pengine ilimlazimu ainuke, ahamie terminali nyingine na kuanza upya kwa amri tofauti kabisa. Akajiuliza kwa nini terminali moja isifike kote. Tena kompyuta zilikuwa ghali mno, na kuzitumia kwa pamoja kungeokoa fedha. Mkanganyiko umetokana na Paul Baran wa shirika la utafiti la RAND, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1960 alibuni kweli mtandao wa kuhimili mashambulizi. Wazo lake la kugawa ujumbe vipandevipande liliwafaa baadaye wajenzi wa ARPANET, lakini mtandao alioupendekeza yeye haukujengwa kamwe.