Shahidi akisema "nilimtambua"

Nimekalimani mahakamani huku pwani ya Kenya miaka mingi, na neno linalonitoa jasho si istilahi ya sheria. Ni "nilimtambua".

Mama mmoja aliyevunjiwa nyumba usiku alipanda kizimbani akasema: "Koroboi ilikuwa yawaka, nikamtambua." Hakimu huandika kwa Kiingereza, kwa hiyo kalamu ikanisubiri. Kiingereza kina maneno mawili hapo: moja la kumtambua mtu unayemjua tangu zamani, jingine la kumnyooshea kidole mgeni kuwa ndiye uliyemwona siku ile. Kiswahili chetu hubeba yote mawili kwa kitenzi kimoja.

Na tofauti hiyo inaweza kumfunga mtu. Mwaka 1980, katika kesi ya Anjononi, Mahakama ya Rufani ya Kenya ilisema kumtambua unayemfahamu ni ushahidi wa kutegemewa zaidi kuliko kumtambua mgeni, kwa kuwa shahidi anategemea ujuzi wake mwenyewe. Mwaka huohuo Tanzania ilipata uamuzi wa kesi ya Waziri Amani (Waziri hapa ni jina la mtu, si cheo), uliotaka shahidi apimwe kwa maswali: ulimtazama kwa muda gani, umbali gani, mwanga gani, ulipata kumwona kabla? Mgeni ndiye wa kupangwa kwenye gwaride la utambuzi, mstarini na watu wengine, ili shahidi amchague. Jirani yako utampangia gwaride la nini? Ila jirani naye hukosewa. Majaji wa Uingereza walionya hivyo mwaka 1976 katika kesi ya Turnbull, kwamba hata ndugu na marafiki watu huwafananisha. Na majaji hao hawajakaa chumba chenye moshi wa koroboi.

Serikali nayo ina "kutambua" kwake. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, waliandamana hadi Nairobi Oktoba 2016, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Jirani zao Wadigo walikuwa wakiwatambua hata gizani, kwa sauti tu. Lakini kwa serikali shahidi hatakiwi kuona chochote. Yatosha mwenye mamlaka atamke.

Nirudi kizimbani. Mkalimani haruhusiwi kumhoji shahidi, basi nikamweleza hakimu kwamba neno lina maana mbili. Akauliza mwenyewe: "Mama, ulikuwa unamjua?"

"Kumjua, mheshimiwa? Huyu ndiye aniletea maji kwa mkokoteni."

Wakili wa utetezi akainuka kwa furaha, na swali lake lilikuwa zuri: kama alimjua, mbona alipokwenda polisi asubuhi hakutaja jina?

"Nilitaja. Niliwaambia ni Maji. Sote twamwita hivyo, jina lake la kwao silijui."

Hakimu akanigeukia, kalamu mkononi, nami nikawa sijui kama hilo hutafsiriwa au huachwa lilivyo.