Taa za ziada za LED kwenye gari la porini: maana ya lumeni, luksi na mwale

Taa ya ziada ni taa yoyote inayofungwa kwenye gari juu ya zile zilizotoka nalo kiwandani, kwa lengo la kuziba pengo la mwanga ambalo taa za kiwandani zinaliacha. Uzito wa maelezo haya uko kwenye neno pengo, kwa sababu mtu anayekwenda dukani bila kujua macho yake yanashindwa wapi, iwe ni mbali mbele, pembeni mwa njia au chini karibu na magurudumu, atarudi na taa yenye mwanga mwingi usiomfaa. Maboksi ya taa hayamsaidii, kwani yameandikwa wati na lumeni kwa tarakimu kubwa, na kipimo ambacho kingemwambia ataona nini kimeandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya boksi au hakikuandikwa kabisa.

Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa bila kujali unaelekea wapi. Ukifungua bomba uani, lumeni ni sawa na wingi wa maji yanayotoka. Kipimo hicho hakielezi kama maji yanamwagika ovyo miguuni pako au umeyabana kwa kidole yakaufikia mche ulio mita tano mbele. Isitoshe, watengenezaji wengi huandika lumeni ghafi, yaani hesabu ya kila chipu ya LED kwa uwezo wake wa juu ikiwa baridi, kisha kuzidisha kwa idadi ya chipu. Taa ikishafungwa, sehemu ya mwanga huo hupotelea kwenye lenzi na kiakisi, na nyingine hupungua kadiri chipu zinavyopata joto. Mtengenezaji makini huandika lumeni halisi, yaani mwanga uliopimwa ukiwa umeshatoka mbele ya kioo na taa ikiwa imekwisha pata joto lake la kazi.

Luksi ndiyo inayomhusu dereva, kwa kuwa inapima mwanga unaoangukia kitu anachotaka kukiona: luksi 1 ni lumeni 1 iliyotandazwa juu ya mita 1 ya mraba. Kwa kulinganisha, mwezi mpevu kwenye anga safi hutupa kama robo ya luksi ardhini. Kati ya lumeni na luksi kuna kandela, ambayo ni ukali wa mwanga kuelekea upande mmoja, na uhusiano wake na luksi ni rahisi kuukokotoa hata kwa simu: gawanya kandela kwa umbali wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Taa ya kandela 160,000 itatupa luksi 1 kwenye mita 400, luksi 4 kwenye mita 200 na luksi 16 kwenye mita 100. Maana yake ni kwamba anayetaka kuona mara mbili ya umbali anahitaji ukali mara nne. Hapa ndipo penye hila ya kibiashara ambayo mnunuzi anapaswa kuijua, kwa sababu muuzaji akipima umbali wa taa hiyohiyo kwenye robo ya luksi badala ya luksi 1, mita 400 zinageuka mita 800 bila yeye kugusa hata skrubu. Kwa hiyo taa inayodai kufika mita fulani bila kutaja ni kwa luksi ngapi haijakwambia kitu.

Je, dereva anahitaji kuona umbali gani hasa? Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakata takribani mita 22 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu tangu macho yaone hadi mguu ukanyage breki, mita 33 zimeshapita, na kwenye changarawe legevu breki zenyewe zinaweza kuhitaji mita 60 nyingine. Dimu za kawaida huishia kwenye mita 50 au 60 hivi, kwa hiyo anayekimbia kasi hiyo kwa dimu, akimwona punda amesimama katikati ya njia, hana tena nafasi ya kusimama. Taa inayotoa luksi kadhaa kwenye mita 200 inampa nafasi hiyo na ziada, na ndiyo sababu naona taa zinazonadiwa kwa kilomita nzima ni mapambo kwa mtu ambaye barabara zake za vumbi hazimruhusu hata kufika 80. Anayetambaa kwenye njia ya mawe kwa kilomita 15 kwa saa ana pengo jingine kabisa: anataka kuona korongo lililo upande wa kushoto, kisiki kwenye kona, na mahali pa kuweka gurudumu.

Mapengo hayo mawili hayazibwi na mwale mmoja. Mwale ni umbo la mwanga unapotoka kwenye taa, na hupimwa kwa digrii za upana wake. Taa ya spoti ina mwale mwembamba, mara nyingi digrii 10 au pungufu, na kwenye mita 100 mwale wa digrii 10 una upana wa takribani mita 17, unaotosha barabara na kingo zake. Taa ya fladi ina mwale wa digrii 60 au zaidi. Huo, mita 20 tu kutoka kwenye gari, umekwisha tanda mita 23, ukifunika kichaka cha kulia na cha kushoto, lakini hauna nguvu ya kwenda mbali. Katikati yake kuna taa za kuendeshea, ambazo mwale wake ni mpana kiasi kwa ubapa na mfupi kwa kimo, na kwa mtu anayeweza kununua jozi moja tu hizi ndizo ningemshauri. Zile zinazoitwa kombo huchanganya spoti katikati na fladi kwenye ncha ndani ya taa moja ndefu, na zinafanya kazi vizuri ikiwa mtengenezaji hakuegemea zaidi upande wa fladi, kwa sababu mwanga mkali ulio karibu na bampa hubana mboni ya jicho, na jicho lililobanwa halioni tena mbali. Dereva huona ardhi iliyo mbele ya boneti inang'aa kama uwanja wa mpira, akadhani ameongeza uwezo wa kuona, kumbe amepunguza.

Nililijifunza hilo kwa gharama. Niliwahi kufunga taa ndefu ya mstari juu ya kioo cha mbele, kwenye keria, nikiamini kwamba kimo kitanipa umbali. Usiku wa kwanza boneti, ambalo lilikuwa jeupe, lilirudisha mwanga machoni mwangu, kioo kikaonyesha kila alama ya waipa, na nilipolifikia vumbi la lori lililotangulia nilikuwa ninatazama ukuta mweupe uliosimama mita chache mbele yangu. Taa iliyo juu hutuma mwanga kupitia vumbi lilelile ambalo macho ya dereva yanapitia, na chembe za vumbi huurudisha moja kwa moja kwake. Taa iliyofungwa chini, kwenye bampa au kwenye ngao ya mbele, huwa imetengana na mstari wa macho, hivyo mwanga unaorudi humfikia dereva kidogo. Niliishusha wiki iliyofuata, na mashimo ya keria bado nayaziba kwa silikoni kila masika.

Suala la vumbi linaleta suala la rangi. LED nyeupe kwa kawaida ni chipu ya buluu iliyofunikwa kwa tabaka la unga wa njano, na mchanganyiko wa buluu na njano ndio jicho linauona kama weupe. Chipu hiyo ya buluu ndiyo iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Rangi hupimwa kwa kelvini: 3,000 ni njano ya halojeni, 5,000 ni karibu na mchana, na 6,500 kwenda juu weupe unaanza kuelekea buluu. Mafundi wengi husema mwanga wa njano unapenya vumbi na ukungu. Kwa hakika haupenyi, kwa kuwa chembe za vumbi na matone ya ukungu ni makubwa mno kulinganisha na mawimbi ya mwanga, na hutawanya rangi zote karibu sawa. Kinachotokea ni kwamba njano haina ile buluu inayochosha na kusumbua jicho, kwa hiyo dereva hukereka kidogo zaidi. Mwale mpana, bapa, uliokatwa juu na kufungwa chini utasaidia kwenye vumbi kuliko rangi yoyote. Kwa matumizi ya jumla ningechagua taa ya kelvini 5,000 na kuziacha zile za buluu kali.

Wati nazo hueleza umeme unaoliwa, wala si mwanga unaotoka. Taa moja niliyoletewa ilikuwa imeandikwa wati 300. Fundi alizungushia waya wake klampu mita, injini ikiwa inaunguruma na volti zikiwa 13.5, tukasoma ampea 6, ambazo ni wati 81. Ikumbukwe pia kwamba taa za LED huwekewa kifaa kidogo cha ndani kinachodhibiti umeme, na kwenye taa rahisi kifaa hicho huvurugia redio ya mawasiliano ya VHF, jambo linaloudhi sana magari ya watalii yanayotegemea redio kuulizana simba wako wapi. Iwashe taa huku redio imefunguliwa kabla hujalipa. Na hakikisha inakubali volti za gari lako, kwa kuwa magari madogo mengi ni ya volti 12 na malori mengi ni ya volti 24.

Kwenye waya, jozi ya taa zinazokula wati 100 kila moja itavuta kama ampea 15, na mzigo huo haupaswi kupitia kwenye swichi ya dashibodi. Hupitia kwenye rilei, yaani swichi inayoamshwa kwa umeme mdogo ili kupitisha ule mkubwa, waya wake mnene ukitoka moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi ikiwa karibu na betri kabisa, maana fyuzi ipo ili kuulinda waya usiungue, na kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakilindwi na chochote. Rilei iamshwe na waya wa taa kubwa, ili dereva akipiga dimu kwa anayekuja, taa za ziada zizime papo hapo bila kutafuta swichi nyingine gizani. Kanuni za kimataifa za Umoja wa Mataifa huweka kikomo cha kandela 430,000 kwa taa kubwa zote zinazoweza kuwaka kwa pamoja, na kioo cha taa iliyoidhinishwa huwa na namba ya ukali karibu na alama ya E. Jumla ya namba hizo isizidi 100. Taa zenye mwale usio sawa pande mbili zinahitaji uangalifu wa ziada, kwa sababu zilizotengenezwa kwa nchi za kupita kulia, kama Rwanda na Kongo, zitawapiga machoni madereva wanaokuja mbele yako huku Tanzania, Kenya na Uganda, ambako tunapita kushoto. Spoti ya mviringo haina shida hiyo.

Kwenye ulinzi dhidi ya vumbi na maji, taa huandikwa alama ya IP na tarakimu mbili: tarakimu 6 katika IP67 inamaanisha vumbi haliingii kabisa, na 7 inamaanisha taa imezamishwa mita 1 kwa dakika 30 bila kuingiza maji. Kwa magari yanayooshwa kwa pampu za presha, alama ya IP69K ndiyo iliyopimwa kwa maji ya moto yenye nguvu. Hata hivyo, taa iliyowaka saa nzima kisha ikatumbukia mtoni hupoa ghafla, hewa iliyo ndani hujikunyata na kuvuta maji kupitia mipira yake, kwa hiyo tafuta yenye kitundu cha kupumulia kilichofunikwa utando.

Taa zikishafungwa, paki gari mahali tambarare mita 10 kutoka ukutani, likiwa na mzigo wake wa kawaida, na uweke alama ya chaki ukutani kwenye kimo kilekile cha katikati ya taa. Kiini cha mwale kishuke chini ya alama hiyo sentimita chache, taa moja ikifunikwa kwa gunia wakati nyingine inarekebishwa. Kaza nati, chora mstari wa rangi unaovuka nati na kishikio chake, kisha zunguka kilomita 50 kwenye barabara iliyojikunja mawimbi. Mstari ukiwa umekatika, nati imelegea, na taa yako sasa inamulika matawi.