Wajibu wa shule kutoa taarifa ya ukatili dhidi ya mtoto: maana yake hasa

Mwalimu wa zamu katika shule ya kutwa mjini Moshi anamwona mtoto wa darasa la nne amekaa upande kwenye dawati, hataki kuegemea. Akimuuliza, mtoto anasema alianguka. Juzi alisema aligongwa na mlango. Mwalimu hana ushahidi, ana shaka tu, na swali linalomkwamisha ni lile la "nina uhakika?" Sheria haimuulizi hilo.

Wajibu wa kutoa taarifa maana yake ni hii: mtu wa shule akipata habari kwamba mtoto anatendewa ukatili, analazimika kuzifikisha kwa mamlaka yenye kazi ya kuchunguza. Kufikisha, basi. Hajaambiwa ashtaki, wala ahukumu, wala apatanishe. Karibu kila kosa linalofanyika shuleni katika jambo hili linatokana na kuchanganya kazi hizo nne.

Msingi wake ni kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009. Kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mitaa ya eneo hilo. Kinamgusa pia mzazi, mlezi au ndugu anayeishi na mtoto na ana uwezo, lakini anakataa au anapuuza kumpa chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, hata nafasi ya kucheza. Angalia neno "au" hapo: ushahidi au taarifa. Taarifa peke yake inatosha. Mtoto kwa sheria hiyo ni yeyote aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo kijana wa kidato cha tano mwenye miaka 17 na ndevu zake bado ni mtoto.

Kifungu cha pili ambacho walimu wengi hawakijui ni cha 7 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Anayejua kwamba kosa la jinai lililomo katika Kanuni ya Adhabu limetendwa, au kuna mtu amekusudia kulitenda, anatakiwa kutoa habari bila kuchelewa kwa polisi au kwa kiongozi wa eneo. Akikaa kimya, ni juu yake kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu ya maana. Kifungu hichohicho kinamkinga aliyetoa habari asije akadaiwa fidia kwa sababu ya kuzitoa. Kubaka, kulawiti, kujeruhi na kumtesa mtoto yote yamo katika Kanuni ya Adhabu.

Walimu waliofanya kazi na wenzao wa Marekani huuliza kama na sisi tuna orodha ya kazi zinazobanwa na sheria, maana kule sheria za majimbo zinawataja walimu waziwazi. Kifungu chetu cha 95 kimetanda zaidi: mpishi wa shule, mlinzi wa getini na dereva wa basi la shule wamo sawasawa na mwalimu mkuu.

Shule inapojigeuza polisi

Hapa ndipo kesi nyingi zinafia. Mwalimu anamwambia mwalimu wa malezi, naye anamwita mtoto amhoji. Mwalimu mkuu anataka asikie mwenyewe. Kamati ya shule inaitwa, mzazi anaitwa, na pengine mtuhumiwa anaitwa "aje ajieleze" mbele ya mtoto. Hadi askari wa Dawati la Jinsia na Watoto anafika, mtoto amekwisha kusimulia mara tano, kila mara mbele ya nyuso mpya, na maelezo yamebadilika. Si kwamba anadanganya. Amejifunza ni jibu gani linafanya watu wazima wamwachie aende zake.

Uharibifu huo ni mkubwa kuliko unavyoonekana ofisini. Katika makosa ya kujamiiana, Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa maneno ya mtoto peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Maneno ya mtoto yanaweza kuwa ndiyo kesi nzima. Mwalimu anayeuliza "ni baba mdogo, eti?" ametia neno kinywani mwa shahidi, na wakili wa upande wa pili atalitafuta hilo.

Kwa hiyo mtoto akianza kusema, msikilize palipo na faragha lakini panapoonekana, mlango wazi. Maswali ni machache: "Ilikuwaje?" "Halafu?" "Kuna sehemu inauma sasa hivi?" Ukishajua kuna jambo, linamhusu nani, na kama yuko hatarini leo, nyamaza. Usimwahidi siri, kwa sababu huwezi kuitunza na atajua umemdanganya. Mwambie waziwazi kwamba utawaambia watu ambao kazi yao ni kumsaidia.

Kisha andika, siku hiyohiyo, kwenye kaunta buku inayofungiwa kabatini. Tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, ulichokiona kwa macho, na maneno ya mtoto kama alivyoyatamka. Maandishi mabovu husomeka hivi: "Mwanafunzi amebakwa na mjomba wake." Hiyo ni hukumu, na mwandishi hakuwepo. Maandishi mazuri: "Saa 4:20 asubuhi, nje ya maktaba. Alisema: 'Anko ananifanyia tabia mbaya mama akienda sokoni.' Sikumuuliza zaidi. Alikuwa analia, ameshika tumbo." Kila mtu hapa anajua "tabia mbaya" ni nini, lakini usimtafsirie. Kama amesema kwa Kichaga, andika kwa Kichaga. Michubuko eleza ilipo na ukubwa wake. Watoto wanaocheza huchubuka magoti, viwiko na paji la uso. Alama za mgongoni, ndani ya mapaja au nyuma ya masikio, au ya moto yenye umbo la pasi au kijiko, hazitokani na kombolela. Usipige picha kwa simu yako.

Taarifa inakwenda wapi

Mwalimu anamfikishia mwalimu mkuu (au mkuu wa shule, kwa sekondari) siku hiyohiyo, naye anaipeleka kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa kata au halmashauri. Asipopatikana, Mtendaji wa Kata ni serikali ya mitaa pia. Kukiwa na harufu ya jinai, taarifa inakwenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, bila kusubiri Ustawi wajibu. Namba 116 ya simu ya msaada kwa mtoto haina malipo, na 112 ni ya dharura ya polisi. Afisa Elimu Kata anapewa nakala, lakini nakala kwake haihesabiki kuwa taarifa imetolewa. Tunalirudia hili kila tunapopata nafasi, kwa kuwa shule nyingi huishia hapo zikiamini zimemaliza.

Mwalimu mkuu akisema "tulia kwanza tulichunguze"? Wajibu ni wa mtu, haujafungwa kwenye cheo. Mwalimu anaweza kwenda mwenyewe, na Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 ilitungwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo.

Mzazi anaambiwa lini? Kama shaka haiko nyumbani kwao, mapema. Kama iko nyumbani, Ustawi wa Jamii ndio wanaoamua. Simu ya saa sita mchana kumwambia baba "mwanao ametueleza mambo" inaweza kumfanya mtoto asafirishwe kwa bibi Rombo kabla ya saa kumi.

Tukio la kingono la karibuni lina saa yake. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza faida yake. Mtoto asiogeshwe, asibadilishwe nguo; kama amekwisha kubadilisha, nguo zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, maana wa nailoni unatunza unyevu na kuozesha ushahidi. Fomu ya Polisi Na. 3, ile PF3, inachukuliwa kituoni na kwenda naye hospitali, mathalani Mawenzi. Akiwa anavuja damu au amezidiwa, hospitali kwanza, PF3 itamfuata.

Halafu kuna jambo letu la Kilimanjaro. Jioni ya siku ya pili, wazee wa upande wa mtuhumiwa wanapanda nyumbani kwa mtoto na jani la sale, mbege na ahadi ya mbuzi. Sale kwa Wachaga ni jani la kuomba radhi, na kulikataa ni jambo zito. Hatudharau mila, sale limezima ugomvi mwingi wa mipaka ya vihamba, yale mashamba ya ukoo. Ila wanaosameheana pale ni watu wazima, na aliyeumizwa yuko jikoni. Familia zikimalizana, kosa la kubaka halijafutika: kwa Kanuni ya Adhabu, ridhaa ya msichana wa chini ya miaka 18 haisaidii kitu, na adhabu haipungui miaka 30 jela, na ni maisha kama mtoto ana chini ya miaka 10. Wala wajibu wa shule haufutiki. Mwalimu akiombwa awe shahidi wa makubaliano hayo, au ashike kalamu, akatae na aandike kwamba aliombwa.

Mtuhumiwa akiwa ni mwalimu, njia ni ileile, na zaidi ya hapo mwajiri anaarifiwa. Kwa shule za serikali nidhamu ya walimu iko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu. Kumhamisha kituo kimyakimya ni kupeleka tatizo kwa watoto wengine. Viboko navyo vina mpaka: kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu visivyozidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, mkononi au makalioni juu ya nguo, na viandikwe kitabuni. Kinachopita hapo kiite kwa jina lake.

Mimba ya mwanafunzi pia ni jambo la taarifa. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na miaka 30 jela, na mkuu wa shule anatakiwa kupeleka ripoti ya matukio hayo kila robo mwaka. Zamani msichana alijua akisema anafukuzwa, hivyo alificha. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 ulifungua mlango wa kurudi shuleni, na matroni anayemweleza hilo mapema hupata ukweli mapema.

Jina la mtoto haliingii kwenye kundi la WhatsApp la walimu, hata kwa nia ya kuombea. Wanaohitaji kujua ni watatu au wanne.

Baada ya taarifa, Afisa Ustawi anaweza kumwita mlalamikiwa na kuamua. Akikaidi, shauri linapelekwa mahakamani. Katika dharura anaingia kwenye nyumba akiwa na polisi na kumwondoa mtoto. Kama zimepita siku na hakuna aliyefika, peleka barua ya pili ngazi ya halmashauri ukitaja tarehe ya ile ya kwanza, na urudi na nakala yenye muhuri. Nakala hiyo ibandikwe kwenye kaunta buku, ukurasa uleule. Na kaunta buku isitupwe na makaratasi ya kufunga mwaka: wito wa mahakama unaweza kumkuta mwalimu amehamia Siha na mtoto yuko kidato cha kwanza, na wakili atataka kujua kama ilikuwa saa nne au saa tano.