Ukikwama hesabu nitumie ulichoandika, sio swali peke yake

Mimi nafundisha hesabu sekondari hapa Mbeya, na jioni nikishatoka shule simu yangu inajaa picha za madaftari, wanafunzi wa Uyole, Mbalizi, Tukuyu, wengine mpaka Makambako na Iringa mjini, shikamoo ticha, alafu picha ya swali, alafu "naomba msaada". Na mimi narudisha meseji ileile: marahaba, nioneshe ulivyofanya. Wapo wanaonuna wanaona nawazungusha, na wazazi wameshaniuliza, mwalimu si umpe tu mtoto jibu, bando lenyewe linaisha. Sasa leo naeleza kwa nini sitoi jibu, tena kwa mifano.

Chukua 12 − 5 + 3. Ni swali la shule ya msingi ila linajificha ndani ya maswali ya form three na form four kila siku. Jibu ni 10. Wanaoleta 4 ni wengi sana, na ukiiona hiyo 4 peke yake bila njia utasema huyu hajui kutoa, utamrudisha kwenye kutoa wiki nzima wakati kutoa anajua vizuri tu. Alichofanya ni kufuata MAGAZIJUTO kama alivyokaririshwa, mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, kaona JU iko mbele ya TO basi kaanza na 5 + 3 akapata 8, alafu 12 − 8 ikaja 4. Katii sheria kabisa! Ambacho hakuambiwa ni kwamba kujumlisha na kutoa ziko ngazi moja, unaenda kutoka kushoto kwenda kulia na unayokutana nayo kwanza ndo unaanza nayo, kugawanya na kuzidisha hivyohivyo. Hapo namwambia aweke hela, una elfu 12, umetumia elfu 5, dada kakupa elfu 3, unazo ngapi? Hakuna mtoto aliyewahi kutumwa Mwanjelwa sokoni atakayekwambia elfu 4. Akishaona mwenyewe anarudi kwenye daftari anarekebisha, na hilo kosa kwa kweli huwa halirudi tena. Ningemtumia "jibu ni 10" angeandika 10 na kesho yake angekosa linalofanana nalo.

Kwa hiyo mimi nikifungua picha siangalii mstari wa mwisho. Natafuta mstari ambao mtoto ameteleza, na karibu kila mara kuna sababu ya maana nyuma yake, hawakosei ovyo ovyo kama watu wanavyodhani. Anayeandika nusu jumlisha theluthi ni 2/5 amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, na ni sawa kabisa mtu kufikiria hivyo kama hajaambiwa. Namuuliza tu, 2/5 na nusu ipi kubwa? Anakaa kimya, anapiga, 2/5 ni 0.4, nusu ni 0.5. Umeongeza kitu alafu kimepungua. Basi tunaenda kutafuta kigawe kidogo cha shirika, ambacho ni 6, na sasa anajua anakitafuta cha nini.

Linalonipa raha kuliko yote ni hili la (x + 3)². Nusu ya picha ninazopokea msimu wa mitihani zina x² + 9 badala ya x² + 6x + 9. Ukimwambia "umesahau 6x" atakubali, ataandika, na keshokutwa ataisahau tena kwa sababu kwake hiyo 6x imetoka hewani. Mimi namwambia x weka 4 alafu pigia pande zote mbili. Huku anapata 7 mara 7, 49. Kule 16 + 9, 25. Zimepotea 24, zimeenda wapi? Hapo ndo namwambia achore mraba wenye upande wa 7, kila upande aukate 4 na 3 avushe mistari, atapata vipande vinne: mraba wa 16, mraba wa 9, na mistatili miwili ya 4 kwa 3, yaani 12 na 12. Hizo ndo 24 zake, ndo ile 6x yenyewe, zilikuwa zimekaa hapo kwenye mchoro muda wote. Michoro hii ni ya zamani sana, mwanahisabati Al-Khwarizmi kule Baghdad karne ya 9 alitatua x² + 10x = 39 kwa njia hiyohiyo, ile 10 akaigawa nusu, mistatili miwili ya x kwa 5 pembeni mwa mraba wa x, kona iliyobaki wazi ni 5 kwa 5 yaani 25, ukiijaza 39 inakuwa 64, upande ni 8, toa 5, x ni 3. Ndo kukamilisha mraba kwenyewe huku tunakokuogopa form two.

Maswali ya maelezo ni jambo jingine. Darasa la saba mtoto kafanya kwa Kiswahili, form one anakutana na Kiingereza, na mara nyingi hesabu yenyewe anaiweza ila hajajua ameulizwa nini. Hapo naomba voisi, nisimulie swali kwa maneno yako bila namba. Akiweza kusimulia, nusu ya kazi imeisha.

Na kuna jambo la alama pia. Pepa ya hesabu form four ina maswali 14, kumi ya mwanzo alama 6 kila moja na manne ya mwisho alama 10, na maelekezo yanasema wazi onyesha njia. Kalkuleta hairuhusiwi. Hizi programu za kupiga picha swali zikakupa kila kitu sizikatazi, ila zitumie ukishamaliza yako, ulinganishe mstari kwa mstari, ukitangulia nazo unazoea kusoma hesabu badala ya kuifanya.

Basi ukinitumia, piga picha mchana kwenye mwanga, ukurasa wote, usifute ulipokosea, hapo ulipofuta ndo nilikuwa napataka. Ukikwama mstari wa kwanza kabisa niandikie ulichofikiria hata kama unaona ni ujinga, sio ujinga. Na nyie mnaosaidiana wenyewe kwa wenyewe, muulizeni mwenzenu "ulianzaje" kabla hamjamrushia jibu.

Wengi mmetuma ile log ya 0.05, nitaifanya kesho jioni, kila mtu awe na kitabu chake cha jedwali mkononi. Kwa sasa angalia tu kama umeandika −2.6990. Kwenye jedwali inaandikwa 2 yenye kistari juu yake, alafu .6990, na hicho kistari, yaani alama ya hasi, kiko juu ya 2 peke yake, 0.6990 ni chanya, ukizijumlisha −2 na 0.6990 unapata −1.3010. Wenye −2.6990 rudieni kwanza alafu nitumieni zote mbili, ya zamani na mpya.