Kuvuka maji ndani ya korongo: vipimo vya kabla ya kutia mguu

Wengi huijua Nyari kwa picha za machweo tu. Korongo lenyewe liko Marafa, kilomita 30 na kitu kutoka Malindi mjini, ukishapita daraja la Sabaki. Kisa cha matajiri waliooga maziwa hadi ardhi ikawameza mtasimuliwa na mwongozaji wenu. Mimi nina neno kuhusu maji. Wakati wa kiangazi, chini mle ni mchanga mkavu. Masika (Aprili hadi Juni) na vuli (Oktoba hadi Desemba) mchanga ule ule ndio njia ya maji.

Watu hutazama mbingu ya pale waliposimama, nayo haiwaambii kitu. Chukulia Sabaki: ni Athi iliyoanzia bara, ikakutana na Tsavo ikaitwa Galana, ikatufikia sisi kwa jina la tatu. Malindi yaweza kukaa bila tone na mto ukaja mwekundu hadi bahari ikabadilika rangi. Korongo hufanya hivyo hivyo, ila kwa dakika badala ya siku. Kwa hiyo kabla ya kushuka, tazama mawingu ya upande yanakotoka maji. Ukiwa ndani, maji yakianza kuingia tope, yakileta vijiti na majani, au ukisikia mvumo usiokuwepo awali, toka upande juu saa ile ile. Panda penye mteremko, si ukutani. Udongo wa Nyari humeguka kama kashata.

Ukifika penye mkondo, chomeka kijiti pale maji yanapoishia, ungoje dakika 10. Kikizungukwa na maji, mkondo unapanda, na safari imeishia hapo. Kisha tupa kipande cha mti katikati uende nacho sambamba kwa mwendo wa kawaida. Kikikuacha nyuma, usivuke. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne. Ndiyo maana sentimita 15 tu za maji ya kasi zaweza kumwangusha mtu mzima. Mimi yakipita goti narudi, hata yakiwa yamepoa.

Vuka palipo papana, ambapo maji yametawanyika. Pembamba panavutia kwa kuwa ng'ambo ni karibu, lakini ndipo penye kina. Kwenye kona, upande wa nje huwa umechimbwa. Tazama na chini ya kivuko: kama kuna mti ulioanguka ndani ya mkondo, tafuta kwingine. Maji hupenya kwenye matawi, mtu hunasa.

Viatu vibaki mguuni, soksi zikae mkobani. Kandambili ziacheni nyumbani. Fungua mkanda wa kiunoni na wa kifuani, ili mkoba uvulike upesi ukianguka. Elekea maji yanakotoka, bakora ya urefu wa bega mbele yako, uiegemee, uende kwa ubavu. Bakora ikisogea, miguu imetulia. Mguu ukisogea, bakora imetulia. Macho yawe ng'ambo, kwani kutazama maji yakipita huleta kizunguzungu. Mkiwa watatu pangeni mstari, mwenye nguvu mbele akikata maji, wa nyuma wamshike kiunoni. Msijifunge kamba mwilini: ikikaza, humvuta mtu chini.

Ukianguka, lala chali, miguu itangulie kule maji yanakokwenda, upige mikono kuelekea ukingoni. Usijaribu kusimama penye kina, mguu utakwama kwenye mawe.

Simu iwekeni kwenye mkebe wenye kifuniko cha kukaza (mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu 2017, na hata hivyo ilikuwa ikivuja). Maji ya kunywa, lita 3 kwa kila mtu kwa nusu siku. Upepo wa bahari haufiki mle. Anzeni saa 12 asubuhi. Wa alasiri waingie saa 10 na saa 12 wawe wameshapanda, maana giza la huku halibishi hodi.

Na Sabaki yenyewe msiivuke kwa miguu, hata maji ya bahari yakipwa na mlango wa mto ukaonekana wa magotini. Ina mamba na viboko, na daraja lipo.