Usisubiri siku zako zirudi ndo uanze kufikiria uzazi wa mpango

Malalamiko yanayofika kitengo chetu cha afya ya uzazi siku hizi yamekuwa kama ya mtu mmoja. Mama ana mtoto wa miezi saba, nane, na mimba nyingine tayari, halafu anasema hakuambiwa, au aliambiwa arudi siku zake zikianza. Na hazikuanza. Kwahiyo tuanzie hapo: yai linapevuka kabla ya hedhi, siyo baada yake. Ile damu unayoisubiri ni ya yai lililokwisha kupita, na kama lilikutana na mbegu basi hiyo damu huioni, unaingia mimba nyingine bila kuona hata tone. Kwa mama asiyenyonyesha yai linaweza kupevuka ndani ya wiki nne tu toka ajifungue, ndo maana yeye tunamwambia kinga ianze kabla ya siku ya 21, wala hatumtishi.

Wa kunyonyesha nao wana yao. "Mimi nanyonyesha" peke yake siyo jibu. Kunyonyesha ni njia ya uzazi wa mpango kweli, tena nzuri, inakinga kwa zaidi ya asilimia 98, lakini masharti yake ni matatu na yote yawepo kwa pamoja: mtoto hajafikisha miezi sita, siku zako hazijarudi, na mtoto anaishi kwa maziwa yako tu au karibu yote, mchana na usiku, bila kupitisha zaidi ya masaa manne mchana au sita usiku hajanyonya. Umeanza kumpa uji, umerudi kazini anashinda na chupa, analala mpaka asubuhi hajaamka kunyonya, basi hapo njia imekwisha. Imekwisha siku hiyohiyo, siyo mwezi ujao. Watu wanalisikia hili wanatikisa kichwa halafu wanarudi na mimba.

Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 toka ujifungue mpaka ushike mimba nyingine. Mpaka ushike, narudia, siyo mpaka uzae, maana wengi wanahesabu toka mtoto hadi mtoto wanajiona wako salama. Mimba zikifuatana karibu mno hatari ya mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo inaongezeka, na mama mwenyewe anaingia ya pili damu haijarudi vizuri.

Sasa njia. Kila mtu anauliza "ipi nzuri?" na sisi tunataka kujua kwanza mtoto ana wiki ngapi na unamnyonyeshaje, maana njia hiyohiyo leo inaweza kukataliwa na wiki ijayo ikakubaliwa.

Kitanzi kinawekwa ndani ya masaa 48 toka ujifungue, na ukipitisha hapo unasubiri mpaka wiki nne zitimie. Kikiwekwa mapema hivyo uwezekano wa kutoka chenyewe uko juu kidogo, kwahiyo ile tarehe ya kurudi kuangaliwa siyo mapambo. Kama kuna maambukizi ya mfuko wa uzazi baada ya kujifungua hatuweki kabisa mpaka upone. Cha shaba hakina homoni, maziwa hayaguswi, na kinafanya kazi mpaka miaka 12. Na tafadhali jamani, kitanzi hakipandi moyoni. Hakuna njia ya kutoka mfuko wa uzazi kwenda moyoni. Kinachoweza kutokea, kwa nadra, ni kutoboa ukuta wa mfuko wakati wa kuweka, ndo sababu tunataka kiwekwe na mtu aliyefunzwa na siyo yeyote mwenye glavu.

Kijiti cha mkononi kinaweza kuwekwa hata kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani, unanyonyesha au hunyonyeshi, kinakaa miaka mitatu hadi mitano kutegemea aina. Usumbufu wake mkubwa ni damu isiyo na mpangilio, matone leo, wiki mbili hamna, kisha matone tena. Sindano ya miezi mitatu kwa anayenyonyesha tunasubiri wiki sita. Ukichelewa tarehe usikae nyumbani kwa aibu ya kugombezwa, njoo, mpaka wiki nne za kuchelewa bado unachomwa bila kinga ya ziada, ikizidi hapo tunahakikisha kwanza huna mimba. Wengine wakiwa kwenye sindano hedhi inakata kabisa wanasema damu chafu inarundikana tumboni. Hairundikani popote, ukuta wa mfuko haukujengeka kwahiyo hamna cha kutoka. Ila hili niseme bila kuficha: ukiacha sindano uzazi unachelewa kurudi, unaweza kukaa miezi kadhaa hata karibu mwaka toka ile ya mwisho, hivyo mwenye mpango wa kuzaa karibuni achague kingine. Kuchelewa siyo ugumba.

Vidonge ndo vinatuletea shida zaidi kwasababu watu wanagawana. Kuna vya homoni moja, hivyo mama anayenyonyesha anaweza kuanza mapema, ila anywe kila siku saa ileile. Na kuna vya homoni mbili, ambavyo anayenyonyesha hatumpi mpaka mtoto afikishe miezi sita, na asiyenyonyesha anasubiri angalau wiki tatu, au sita kama alijifungua kwa upasuaji, alipoteza damu nyingi, ni mnene sana au amewahi kuganda damu. Wiki za mwanzo baada ya kuzaa damu inaganda kirahisi, homoni ya pili inaongeza hatari, na bonge la damu likitoka mguuni likaenda kwenye mapafu linaua. Pakiti ya dada yako ni ya dada yako.

Ukifika kituoni bila hedhi usishangae ukiulizwa maswali sita, na usijibu kwa kukisia unachodhani nesi anataka kusikia. Tunauliza kama umejifungua ndani ya wiki nne, kama mtoto yuko chini ya miezi sita na yale masharti ya kunyonyesha yametimia, kama hujakutana kimwili toka ujifungue au toka hedhi ya mwisho, kama hedhi imeanza ndani ya siku saba zilizopita, kama mimba ilitoka ndani ya siku saba hizo, na kama umekuwa ukitumia njia ya uhakika bila kuruka. Ukijibu ndiyo hata moja tu na huna dalili za mimba, unapewa njia siku hiyo. Zote zikiwa hapana unapimwa mimba au unapewa kondomu na tarehe ya kurudi. Mtoa huduma anayekurudisha mikono mitupu "mpaka uone siku zako" anakosea. Baada ya hapo presha, uzito, historia ya magonjwa na dawa unazotumia. Hizi dawa ni muhimu: rifampisini ya kifua kikuu, efavirenzi ya VVU na baadhi ya dawa za kifafa zinapunguza nguvu ya kijiti na vidonge, hapo kitanzi au sindano vinafaa zaidi. Watu wanaficha dawa zao halafu kijiti kikishindwa lawama zinakuja kwetu.

Ridhaa ni ya mwenye mwili. Ukiwekewa kitu bila kuelezwa, au umeomba kijiti kitolewe ukaambiwa vumilia mpaka muda uishe, peleka malalamiko kwa msimamizi wa kituo kwa maandishi, weka tarehe na huduma uliyoifuata, bakiza nakala, maana malalamiko ya mdomoni hayaachi kitu kwenye faili na bila faili hakuna atakayeitwa kujieleza. Na kijiti au kitanzi kinatolewa siku yoyote utakayotaka, huhitaji kuwa na sababu.

Waliomaliza kuzaa wana kufunga kizazi. Kwa mama ni ndani ya siku saba toka ajifungue au baada ya wiki sita, na uamuzi ufanyike wakati wa ujauzito akili imetulia, siyo kwenye uchungu. Kwa baba ni operesheni ndogo ya ganzi, haigusi nguvu za kiume wala haimhasi, na kwa mke aliyetoka kujifungua juzi ni kupunguziwa kisu kingine. Ila baba asitoke pale akadhani kazi imekwisha: mbegu zilizobaki kwenye mirija zinachukua miezi mitatu hivi kuisha, kwahiyo anarudi kupimwa shahawa, na mpaka majibu yatoke kondomu au njia ya mama inaendelea.